Daftari la Safu Mbili

Wachuuzi wa sokoni walimwita Nusu Kilo, na kwa kuwa jina lilishazoeleka, hakuna aliyelicheka tena, ingawa mwenye jina alikuwa na kilo mia moja na nne. Alikuwa mkaguzi wa mizani kwa miaka ishirini na tisa. Kazi yake ilikuwa kupita duka kwa duka na meza kwa meza, kupima mizani za watu, kuzipiga mhuri zikiwa sawa na kuzifunga waya zikiwa na kasoro. Mawe rasmi ya kupimia aliyabeba kwenye sanduku la mbao lenye kitambaa cha kijani ndani. Lakini hata siku ambayo hakutoka na sanduku, iwe ya mapumziko au ya msiba, mfuko wa kulia wa suruali yake ulikuwa na jiwe moja la mizani, la shaba, la nusu kilo. Muuza nyama aliyemwona akitia mkono mfukoni alijua leo yamemkuta.

Hakuwa mkali. Aliliweka jiwe lake kwenye mizani, akainama, akautazama mshale, kisha akaitaja kasoro kwa sauti ya mtu anayekwambia saa. "Gramu kumi na tano." Mchuuzi angelalamika kwamba hiyo ni kidogo tu, mzee, tusameheane. "Hakuna kidogo," angejibu. "Kuna gramu kumi na tano." Kisha angetoa waya, na soko zima likajua kwamba meza ile imemaliza biashara kwa siku hiyo.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na jiwe lile lilikuwa limemtesa kuliko lilivyowahi kumtesa mchuuzi yeyote. Mfuko wa kawaida haukumaliza miezi miwili. Jiwe liliutoboa, likateremka ndani ya suruali, likatua juu ya kiatu; mara moja lilifanya hivyo kwenye nyumba ya msiba, watu wakiwa kimya, na likabiringika mpaka miguuni mwa wafiwa. Tangu siku hiyo kila suruali mpya ilipita kwanza mikononi mwake. Aling'oa mfuko wa kulia, akashona mwingine wa turubai, tabaka mbili, mishono mitatu. "Wenzangu wanagombana na nyumba ndogo," alimwambia shoga yake. "Mimi nagombana na shaba."

Waliishi hivyo, yeye na shaba na mke, mpaka mwaka ambao figo za mke zilikataa kazi.

Zilikataa taratibu, kisha zikakataa kabisa. Ikawa mara tatu kwa wiki anakwenda hospitali, anakaa saa nne ameunganishwa na mashine ya kusafisha damu, anarudi nyumbani hana hata nguvu ya kutunga uzi kwenye sindano. Binti yao mkubwa alikuwa wa kwanza kujitolea figo yake, damu zikakataana. Nusu Kilo akapimwa baada yake, na vipimo vikaendana vizuri mno hata daktari akavisoma mara mbili. Mke alisema haishangazi, wamekula chungu kimoja miaka thelathini na moja.

"Kuna tatizo moja tu," daktari alisema, akamtazama Nusu Kilo kuanzia kichwani, akashuka, akachelewa kidogo katikati. Madaktari wa upasuaji wa figo walikuja hospitali ile mara mbili kwa mwaka. Safari yao inayofuata ilikuwa baada ya miezi mitano, na hawakubali kumpasua mtoaji aliyezidi uzito. Kwa urefu wake, alitakiwa asizidi kilo tisini na mbili. Mume wa mgonjwa akauliza, je, na safari ya baada ya hiyo? Daktari akapanga karatasi zake, akasema mishipa ya mama inachoka, na kwamba yeye kama yeye asingeipigia hesabu safari ya baada ya hiyo.

Kilo kumi na mbili, miezi mitano. Nusu Kilo aliziandika kiganjani palepale.  Daktari alimpa na mke karatasi ya kutia saini, kwamba anakubali kupokea, akasema anaweza kuileta siku yoyote kabla ya upasuaji. Aliikunja mara nne, akaitia kwenye mkoba, akasema atafikiri.

Siku hiyohiyo Nusu Kilo alipimwa uzito. Nesi alimwonyesha mizani, naye badala ya kupanda akachuchumaa kuitazama kwa chini. Kisha akapanda, akashuka, akapanda tena na jiwe la shaba mkononi ili aone kama namba itaongezeka nusu kamili.

"Baba, hiyo mizani ni ya serikali," nesi alisema.

"Hata mimi ni wa serikali," alijibu, na akaona kwamba imeongezeka nusu kamili. Akaliweka jiwe juu ya meza ya nesi, akapanda mara ya tatu, akakubali kuandikwa.

Mtaalamu wa lishe alikuwa dada mwembamba wa umri wa binti yao, mwenye miwani na kalamu mbili nywelani. Aliwaambia watafute daftari moja, walipige mstari katikati: kushoto chakula cha baba, kulia chakula cha mama. Baba alitakiwa apungue, asile zaidi ya kalori elfu moja na mia saba kwa siku. Mama alitakiwa asipungue hata kidogo, kwa sababu mashine inamnyonya nguvu. Ale wali wake, ale kuku, ale mayai, amalize sahani. Kila kitu kipimwe kwa gramu kabla ya kuliwa.

"Na usikadirie, baba," dada wa lishe alisema. "Watu wakikadiria chakula chao wenyewe, wanajipunja kwenye daftari na kujijazia kwenye sahani."

Nusu Kilo nusura amkumbatie. Miaka ishirini na tisa alikuwa akiwaambia watu maneno hayo, na huyu ndiye wa kwanza kumwambia yeye.

Binti yao aliwanunulia mizani ya jikoni, ile bapa ya kioo yenye namba. Kabla haijapimiwa hata punje ya mchele, baba mtu aliiwekea jiwe la nusu kilo, ikasoma mia tano na moja. Akaleta sanduku zima. Jioni ile familia ilikula viporo huku mizani ikihojiwa kwa mawe kumi na mawili, na ukurasa wa kwanza wa daftari ukaandikwa: Mizani ya jikoni inazidisha gramu moja kwa kila nusu kilo. Imeruhusiwa kwa masharti.

Baada ya hapo jiko likawa na sheria zake. Kila sahani iligeuzwa, ikapimwa tupu, uzito wake ukaandikwa kwa rangi chini ya kitako, ili mtu asihesabiwe udongo kama chakula. Sukari ilipimwa kwa kijiko kilichosawazishwa juu kwa kisu, kwa maana mkaguzi aligundua kwamba kijiko chake cha miaka yote kilikuwa na mlima. Mafuta yalileta ugomvi.

"Mama watoto, mafuta umetia kiasi gani?"

"Ya kutosha."

Alimtazama kama alivyowatazama wenye kubandika sumaku chini ya mizani. Kesho yake chupa ya mafuta ilipimwa kabla ya kupika na baada ya kupika, na tofauti ikaandikwa. Ya kutosha ilikuwa gramu hamsini na tatu, karibu kalori mia tano, na nusu yake ilikuwa ikiishia kwake. Aliipiga mstari mara mbili.

Wali nao ulimtoa jasho. Wiki ya kwanza alipima wali uliokwisha kuiva, lakini akauhesabia kalori za mchele mkavu, asijue kwamba sehemu kubwa ya uzito ule ni maji ya kupikia. Kwa kosa hilo alijinyima haki yake siku sita mfululizo, akawa anaikasirikia mpaka saa ya ukutani kwa kupiga mlio mwingi. Alipoligundua, aliandika kosa lake kwa wino mwekundu na kutia saini. Kuku ndiye aliyempatia raha, kwa sababu kuku ana mifupa: alimpima kabla ya kula, akaipima mifupa baada ya kula, akatoa. Sokoni muuza nyama alimpa kipande cha kuonja, naye akakiweka kwenye mizani ya muuza nyama mwenyewe, wateja wakitazama, akaandika gramu ishirini na mbili, ndipo akala. Kazini mwenzake alimkaribisha karanga. Alihesabu tisa.

Mchana walikula pamoja, meza ileile iliyo karibu na cherehani. Mke alipakua, mume akapima sahani zote mbili, akaandika kushoto na kulia, wakala. Yeye alimaliza haraka, kwa kuwa cha kumaliza kilikuwa haba. Mke alikula polepole, akapiga soga, akasogeza wali upande huu na upande ule, mwisho akaisukuma sahani mbele ya mumewe kama alivyoisukuma miaka thelathini na moja. "Mimi nimeshiba. Malizia hicho, dhambi kukitupa." Naye alimalizia, akasimama, akapeleka vyombo jikoni na mifupa yake kwenye mizani.

Wiki mbili za kwanza zilimshusha kilo tatu. Mbili zilizofuata, kilo mbili. Wachuuzi walianza kumwambia amekonda, wengine kwa wema, wengine kwa matumaini kwamba huenda ataacha kazi. Alifika tisini na nane, na hapo ndipo namba ilipogoma.

Wiki ya sita, tisini na nane. Wiki ya nane, tisini na nane na gramu mia moja. Akabana zaidi: akaacha sukari kabisa, akaacha mkate wa asubuhi, akatembea kwa miguu kwenda sokoni na kurudi, sanduku la mawe begani. Aliipima upya mizani ya jikoni kila siku kabla ya kifungua kinywa. Wiki ya kumi, tisini na nane. Alikuwa na njaa, magoti yanamuuma, na kwa mara ya kwanza maishani alisimama mbele ya mizani iliyo sawa kabisa bila kuelewa inasema nini. Alianza kuogopa. Alihesabu siku zilizobaki kwenye kalenda ya ukutani mara nyingi kwa siku, kana kwamba zingeongezeka.

Walikwenda pamoja kwa dada wa lishe. Alilifungua daftari, akasoma kurasa nyingi bila haraka, kidole kimoja kushoto na kingine kulia. Daftari lilikuwa safi kuliko yote aliyopata kuyaona, na alisema hivyo. Kisha akavua miwani.

"Kwa daftari hili, mama anashiba na baba anashinda na njaa," alisema. "Kwa mizani yetu, baba yuko palepale, na mama amepungua kilo nne."

Nusu Kilo aligeuka kumtazama mkewe. Kilo nne. Alikuwa akimwona kila siku, na hakuona.

"Baba, sahani ya mama ikirudi jikoni inakuwaje?"

"Tupu," alisema.

"Nani anaimaliza?"

"Mimi."

Alijibu haraka, kwa kujiamini, kama shahidi mwema. Ilichukua muda jibu lake mwenyewe kumfikia. Dada wa lishe alivaa tena miwani, akatazama dirishani, maana hakutaka kumtazama mzee wa watu katika hali ile. Mifupa alikuwa ameipima. Makombo ya mkate alikuwa ameyapima. Lakini sahani iliyosukumwa mbele yake kila mchana na kila jioni ilikwisha kuandikwa kulia, kwa jina la mwingine, kwa hiyo moyoni mwake haikuwa chakula. Ilikuwa ni kusaidia kusafisha vyombo. Jumla ya daftari ilikuwa sahihi mpaka gramu ya mwisho. Safu ndizo zilizokuwa za uongo.

 Jioni Nusu Kilo alisema ana mafua, akala peke yake. Kesho yake mchana mke alipakua, mume akapima, wakala, na sahani ikasukumwa.

"Malizia hicho, mimi nimeshiba."

Aliichukua, akasimama, akaiweka kwenye mizani.

"Unanipima?" mke aliuliza.

"Napima sahani."

"Inasemaje?"

"Inasema umekula gramu mia moja na hamsini. Nilikuandikia mia nne na ishirini."

"Basi daftari limekosea."

"Daftari nimeliandika mimi." Alikaa. "Mama watoto, ni hamu ya kula huna, au kuna jingine?"

Mke alichukua uzi uliokuwa umenasa kwenye gauni lake, akauviringisha kidoleni, akauviringua. "Mwanzoni hamu sikuwa nayo kweli. Zile dawa zilifanya kila kitu kiwe na ladha ya chuma. Halafu ikarudi."

"Lini?"

"Mwezi wa pili."

"Na ukaendelea kubakiza."

"Nikaendelea."

Nje, mtu alipita akivuta mkokoteni. Wote wawili waliusikiliza mpaka ulipokata kona.

"Wewe ukifika hiyo tisini na mbili yao," mke alisema, "watakulaza kitanda cha pili, watakupasua, mtu mzima usiyeumwa hata ukucha. Mimi nisipoamka, basi, mimi ni mgonjwa, watu walishajiandaa. Wewe je? Wewe usipoamka? Nibaki humu ndani na figo yako, nashona nguo za watu? Naogopa, baba watoto. Naogopa hilo kuliko ninavyoogopa kufa. Nikaona, huyu akizidi uzito watamkataa wenyewe, wala sitahitaji kumwambia hapana. Sikuweza kukwambia hapana. Ulikuwa unapima mpaka chumvi."

Miaka ishirini na tisa Nusu Kilo alikuwa akiwakamata watu wanaodanganya mizani, na wote aliowafungia waya walijipendelea wao. Hakuwa amepata kumkamata mtu aliyejipunja mwenyewe mpaka akakonda. Alikasirika. Na alimpenda mkewe papo hapo, na ile hasira na yale mapenzi havikupunguzana hata gramu moja.

"Ulikuwa unashinda na njaa," alisema.

"Kidogo tu."

"Hakuna kidogo," alianza, na alitaka kutaja namba kama kawaida yake, lakini sauti ikamgomea. Alifuta uso kwa kitambaa cha vyombo, kitambaa kikiwa na mafuta.

Mke alimwacha mpaka alipomaliza. "Sitakulisha tena kwa hila," alisema. "Hilo nimeacha. Ila kusema ndiyo, bado. Ile karatasi inataka saini yangu."

"Saini ni yako."

"Utasubiri?"

"Nitasubiri. Lakini kula."

Alasiri ile aliketi na daftari na kalamu nyekundu. Wiki kumi ni siku sabini. Kwa mizani mbovu wakaguzi huwa na mhuri wa neno IMEKATALIWA, na kwa kuwa mhuri ule ulikuwa ofisini, aliliandika kwa mkono, ukurasa baada ya ukurasa, kushoto na kulia, mara mia moja na arobaini. Kisha kwenye ukurasa mpya akapiga mistari miwili badala ya mmoja, na safu ya tatu akaiandika juu yake: Mabaki.

Mabaki yaliliwa na kuku wa jirani. Mwanzoni kuku walineemeka mpaka jirani akaja kushukuru. Baadaye wakaanza kupungukiwa, kwa sababu mke, akiwa hana tena sababu ya kubakiza, alianza kula. Gramu mia mbili. Mia mbili na themanini. Siku moja mia tatu na tisini, na kuku wakasimama mlangoni bure.  Mume alipima, akaandika, ila siku hiyo ya mia tatu na tisini alitoka nje kidogo, akarudi.

Naye akashuka. Tisini na sita na nusu, tisini na tano. Mke alimkazia suruali mara mbili, sindano mdomoni, utepe wa kupimia shingoni. Alivunja mshono wa nyuma, akapunguza kiuno, akashona upya. Mfuko wa turubai hakuugusa.

"Vipi?" mume aliuliza mara moja tu, mikono juu, amesimama katikati ya chumba kama nguo kwenye kamba.

"Bado nafikiria. Usitikisike."

Siku ya mwisho ya kupimwa ilikuwa siku nne kabla ya wale madaktari kufika. Asubuhi Nusu Kilo alioga, akanyoa, akavaa, akatia kitambaa mfuko wa kushoto, funguo mfuko wa shati, akanywa chai kavu gramu mia mbili na hamsini. Mke alivaa gauni lake la kitenge cha bluu. Karatasi ilikuwa kwenye mkoba, bado imekunjwa mara nne. Mume alijua ipo, kwa sababu alimwona akiichungulia.

Mezani kwa nesi, pale alipokuwa akiweka vitu vyake kila mara, siku hiyo palijaa mafaili. Akavua viatu, akavua mkanda, akampa mkewe aliyekaa kwenye benchi. Hakuwa akiwaza mifuko. Alikuwa akimtazama mke wake anavyovipokea, bila kumtazama usoni. Akapanda.

Namba zilicheza, zikatulia. Tisini na mbili nukta mbili.

Nesi aliinama, akasoma. Alimjua huyu mzee tangu siku aliyoikagua mizani ya serikali. Aligeuka kuutazama mlango, akashusha sauti. "Gramu mia mbili, baba. Hiyo hata kikombe cha maji ni zaidi. Naandika tisini na mbili, tuyamalize."

Nusu Kilo aliitazama namba. Aliwafikiria wachuuzi wote waliowahi kumwomba hivyohivyo, kwa sauti hiyohiyo, na kwa mara ya kwanza aliwaonea huruma, kila mmoja. Alitaka kusema ndiyo.  Kama angepindisha mizani mara moja tu katika maisha yake, angechagua hapa.

"Andika kilichosomeka," alisema.

"Baba, watakukataa."

"Andika."

Alikuwa amesimama juu ya mizani na soksi zake, mabega yameanguka, suruali imemlegea kiunoni kwa kukosa mkanda. Nesi alichukua kalamu, hakuandika. Kwenye benchi mke wake alikuwa ameinua kichwa. Hakuwa akitazama namba. Alikuwa akitazama suruali, kwa jicho la fundi, kitambaa kilivyovutwa chini upande wa kulia na kuachia mkunjo pale penye mishono mitatu.

Aliuona, na alijua kilichomo. Hakuna mwingine chumbani aliyejua. Angeweza kuuangalia mkunjo ule mpaka kalamu imalize, wakarudi nyumbani, mumewe mzima, hakuna aliyemwambia mwenzake hapana. Nesi aliishusha kalamu kwenye karatasi.

"Ngoja kwanza, nesi," mke alisema.

Alisimama kwa shida, akishikilia ukingo wa benchi. Akamwendea mumewe, akatia mkono mfuko wa kulia mpaka kwenye kitako cha turubai, akalitoa jiwe. Shaba ilikuwa na joto la mwili. Namba zikacheza tena, zikashuka, zikatulia: tisini na moja nukta saba.

 Nusu Kilo alilitazama jiwe lake mkononi mwa mkewe kama mtu aliyemkuta ndugu yake mahali asipomtarajia, kisha akamtazama mkewe.

"Sasa andika," mke alimwambia nesi. "Na unipe hiyo kalamu ukimaliza."

Alitoa karatasi, akaikunjua mara nne, akailaza juu ya mafaili, akatia saini. Saini haikukaa vizuri kwenye mstari. Mume alinyoosha mkono kupokea jiwe lake, kwa mazoea tu, lakini mke alikuwa ameshalitia ndani ya mkoba na kufunga zipu.

"Nitakurudishia ukiamka," alisema.